Khabari Baada ya Kahawa

Ibra, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Rayya,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana kesho pale uwanja wa ndege Maskati utazungukwa na mtaa mzima, kila mtu na kibati chake cha halua, na shikamoo yako haitanifikia. Sisi hatujambo. Hapa hakuna khabari wala jambo, ni kheri tupu, alhamdulillahi.

Jibu hilo liweke upande kidogo. Nitalirudia.

Sasa hivi uko ndani na Mama Zuwena, mnapima sanduku kwa ile mizani ya samaki niliyoinunua Sur, nami nakusikieni mnavyogombana. Yeye anatoa viatu anatia bizari, wewe unatoa bizari unatia viatu. Mambo ya koti, ya chakula, ya kupiga simu kila Ijumaa, ameshayasema mke wangu mpaka feni imechoka kumsikiliza. Mimi siyagusi. Nimekaa majlisi peke yangu na chupa ya kahawa, naandika. Ningekurikodia kwenye simu kama watu wa siku hizi, lakini najua sauti zangu unazisikiliza kwa mwendo wa kukimbia, naongea kama kuku. Karatasi haina kitufe cha kuikimbiza.

Na mwandiko wangu usiucheke. Skuli niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga, ni kwa sababu mwalimu aliona nikiendelea nitaimaliza elimu yote na wengine watakosa.

Juzi nilikuwa juu ya paa nasafisha tangi la maji, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Sikusudii kusikiliza maneno ya wanawake, lakini masikio yangu, kama unavyojua, yanasikia gari la polisi tangu likiwa Bidbid. Nikakusikia unamwambia Mama Zuwena: "Mama, mimi naogopa kwenda. Huko Teksas wodi yote ni watu wa Kihispania. Watanichekea, wataniambia wazima, na mimi nitaandika wazima. Kama nilivyomuandikia Ami. Nesi gani mimi, sikuweza hata kumjua mtu aliyenilea?"

Mke wangu akakwambia, "Ami yako mkaidi tangu tumboni, yule usimuhesabu." Ukacheka. Lakini nilikulea tangu baba yako, kaka yangu, alipofariki, na kicheko chako chenye machozi ndani nakijua. Ndio nikashuka kwenye ngazi, na tangi mpaka leo chafu.

Basi sikiliza. Nataka nikwambie kwa nini ulinikosa ile Ijumaa, halafu nikwambie la mtu wa kitanda cha pili, ambalo hulijui kwa sababu ulikuwa umeshahama wodi.

Mimi nimeletwa hapa kutoka Unguja mdogo, sijang'oka hata meno ya mbele. Kiarabu nakijua cha kuombea maji tu, desturi sijui, najua kuogelea na kula embe. Siku moja babu akanituma kwa jamaa yake Izki nikaseme kwamba mzee mmoja wa ukoo wetu amefariki. Nikaingia majlisi, wazee wamejipanga ukutani na ndevu zao. Mkubwa wao akaniuliza kama wanavyouliza watu wa huku: kuna khabari? Kuna jambo? Mimi, mtoto mwaminifu, nikapiga kelele: "Khalfani kafa!"

Paa halikuanguka, lakini nilidhani litaanguka. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Kaa, mwanangu. Kula tende." Nikala. Kahawa ikapita. Kisha akaniuliza tena kama vile sijasema kitu: "Kuna khabari?" Ndipo nikafahamu. Swali la kwanza huku halitaki khabari. Swali la kwanza linauliza kama umekuja kwa adabu. Unajibu hakuna khabari, kheri tupu, hata kama nyumba yako inawaka moto mgongoni. Unakaa, unakula, unakunywa, na likija swali la pili ndipo unafungua kifua.

Wewe umezaliwa hapa, kwako hili ni kama kuvua viatu mlangoni. Mimi watoto wenzangu waliniita Redio mwaka mzima. "Redio, leo kafa nani?" Nikaapa sitampa tena mtu khabari kwa swali la kwanza. Na mimi nikijifunza kitu najifunza kupita wenyewe. Hapa Ibra wapo masheikh wa kuzaliwa, wa babu na babu, ambao kwa kuficha khabari ni watoto mbele yangu.

Sasa ile Ijumaa. Tumbo lilikuwa linanikata tangu Jumatano. Mama Zuwena akanibeba spitali, na kabla sijalala vizuri, ndugu zake wote kutoka Izki wakawa wameshafika na chupa tatu za kahawa. Wakwe zangu, Rayya! Wamenizunguka kama mtoto wa kutahiriwa. Na wewe ukaja na sare yako nyeupe na faili. Nikajisikia mrefu. Nikawaambia, "Mnamuona? Huyu ni wangu."

Ukasema, "Ami, unaumwa wapi?"

"Mimi? Sina khabari. Mzima."

"Ami, nambie kweli. Moja mpaka kumi, maumivu kiasi gani?"

"Kumi ndio nini? Kumi ni siku ile mlango wa lori uliponibana mkono pale Bidbid, nikaendesha mpaka Sur kwa mkono mmoja huku naimba."

Shemeji yangu akasema, "Na lori lenyewe lilikuwa linalia." Wakacheka wote, na wewe ukacheka.

"Basi niandike ngapi?"

"Andika sifuri. Na kama kuna kitu chini ya sifuri, andika hicho."

Ukaandika. Magharibi kidole tumbo kikapasuka. Daktari alisema usaha alioutoa ungejaza beseni. Mimi niliyekuwa nao tumboni nasema mabeseni mawili. Nilipozinduka nikaambiwa mkubwa wa zamu amekusema mbele ya wenzako, na kwamba umeomba kuhamia wodi ya watoto. Ulikuja kunitazama, ukaweka maji, hukuniangalia usoni. Nami, kwa kuwa nilikuwa na mipira puani, sikuwa na la kusema, jambo ambalo halijanitokea tena tangu siku hiyo.

Kitanda cha pili walimleta mzee wa Kimeksiko. Anaitwa Ramiro. Binti yake Lusia ni mhandisi, anafanya kazi Maskati na mumewe, na wazee walikuja kumuona mjukuu aliyezaliwa. Wakaenda Wadi Bani Khalid kutazama yale madimbwi, mzee akateleza kwenye mawe, nyonga ikavunjika. Akapasuliwa hapa hapa Ibra. Mtu mfupi, masharubu kama ufagio, mfugaji wa ng'ombe. Tulikuwa tunazungumza kwa ile simu inayogeuza maneno. Mimi nikamwambia nimewahi kusukuma Landkruza peke yangu kuitoa kwenye mafuriko. Akafikiri, akaiambia simu yake kwamba yeye ana fahali aliyekuwa akifungua mlango kwa ufunguo. Hapo nikajua nimelazwa na mwenzangu.

Manesi walimpenda, lakini walikuwa wanamkosa, kama mtu anayekosa ngazi gizani. Walikuwa wanamwita "Ramiro!" kavu, watoto wa rika la bintiye, na kila wakimwita uso wake unafunga kama duka saa ya sala. Lusia ndiye aliyenieleza kwamba kwao mtu wa umri ule huitwa Don Ramiro, na mkewe Donya Elvira. Nikasema kumbe hawa watu ni wa kwetu! Nani angeniita mimi "Said!" bila Ami mbele, nikamuitikia?

Walimletea jagi la maji lenye barafu, likawa linakaa hapo mpaka barafu inayeyuka. Nesi akaandika kwamba mgonjwa hataki kunywa. Donya Elvira anaona maajabu: mtu katoka kupasuliwa, mwili umepoa, na nyinyi mnamtia baridi juu ya baridi? Alikuwa hasemi, anasogeza jagi tu, pole pole, kila siku mbali kidogo na kitanda. Mama Zuwena alipokuja akaliona jagi, akaligusa, akasema, "Wanataka kumuua?" Akatoa chupa yake ya maji ya moto na mdalasini. Yule mzee alikunywa kikombe baada ya kikombe, na wanawake wawili wasiojua neno la mwenzake wakatazamana kama wamezaliwa tumbo moja.

Na huyo mtoto mchanga wa Lusia! Mama Zuwena akamtazama, akasema mashaallah, akarudisha mikono nyuma kama inavyotakiwa. Donya Elvira akaanza kuhangaika. Kumsifu amemsifu, kwa nini hamgusi? Kwao ukimsifu mtoto ukaondoka bila kumgusa, umemwachia jicho. Kwetu unataja jina la Mungu, kwao unaweka mkono kichwani. Hofu ni moja. Lusia akaeleza kwa aibu, mke wangu akampapasa mtoto kichwa chote, na bibi akapumua. Rayya, wewe unapenda watoto na una mkono mzuri. Ukiona mama huko anakutazama mikono, usingoje kuambiwa. Omba ruhusa, mguse.

Lakini hayo ni madogo. La mzee mwenyewe ndilo lililonitoa kitandani.

Asubuhi moja walimtoa mpira wa mkojo. Nesi akaja baadaye, msichana mwema, hana neno lolote baya, akamwambia Lusia, "Muulize baba, amekojoa?" Lusia akageukia dirishani, akauliza kwa sauti ndogo. Don Ramiro akajibu, "Bien, bien." Hilo nilikuwa nimeshalijua, ni kama alhamdulillahi yetu, linaziba kila tundu. Nesi akaandika, akaenda zake.

Mchana nikamuona anatoka jasho na kiyoyozi kinavuma. Kashika chuma cha kitanda, vidole vimekuwa vyeupe. Supu hakuigusa. Donya Elvira anahesabu tasbihi zake. Lusia anamuuliza tena, "Baba, kuna kitu?" naye anamtabasamia, "Bien, hija, bien," yaani mzima, binti yangu.

Mimi nikajiona. Wallahi, kama mtu kanishikia kioo. Ule uso nilikuwa nao mimi mbele ya wakwe.

Nikamwita Salim, yule nesi wa kiume, kijana wa Sur. "Salim, njoo. Mtoe huyu binti wodini."

"Ami Said, kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Huyu mzee hana khabari, kama nilivyokuwa mimi sina khabari siku ya tumbo langu."

Salim ni mtoto wa huku huku kwetu Sharqiya, hakuhitaji maelezo. Akamwambia Lusia mtoto analia huko nje, na kweli alikuwa analia, sisingizii. Akamuomba Donya Elvira amfuate. Akavuta pazia. Na kisha akafanya jambo ambalo sijamuona nesi akilifanya: akavuta kiti akakaa. Hakushika faili. Akasema na simu, "Don Ramiro, ng'ombe wako ni wangapi, na nani anawaangalia sasa?" Mzee akafunguka kidogo. Akataja fahali wa ufunguo. Salim akacheka, akangoja. Kisha ndipo akauliza la mkojo, kwa sauti ya chini, mwanamume kwa mwanamume.

Simu ikalitamka swali hilo kwa sauti ya mwanamke. Don Ramiro akaruka, mtu wa nyonga iliyovunjika! Salim akaomba radhi mara nne, akahangaika na kile kioo mpaka akaipata sauti ya kiume, na mimi nyuma ya pazia nimetia shuka mdomoni mshono usinifunguke. Halafu yule mzee akanong'ona, na simu ikasema: "Tangu walipoutoa ule mpira, sijaweza. Inauma sana. Msimwambie binti yangu."

Wakamrudishia mpira. Mfuko ulijaa kama falaji la Izki, ule mfereji wa mashamba, baada ya mvua, na pumzi aliyoishusha iliyumbisha pazia langu. Daktari akasema kibofu kilikuwa kimefura vibaya, na kwa mtu mwenye sukari kama yule, kingeachwa mpaka siku ya pili, mambo yangekuwa mengine.

Lusia akaambiwa tu kwamba baba alikuwa na tabu na sasa amepata nafuu. Hakuridhika, akafahamu mwenyewe. Alikuja kukaa kwenye kiti changu, akalia. Kiingereza chake na changu vyote vibovu, tulifahamiana vizuri. Akasema, "Nilimuuliza. Nilimuuliza mwenyewe mara mbili, akaniambia mzima. Binti gani mimi?"

Ulisikia hayo? Maneno yako, Rayya. Yametoka kinywani mwa mhandisi mwenye shahada mbili, mtoto wa tumbo lake.

Nikamwambia hivi: "Binti, baba yako hakukudanganya. Wewe walikufanya mkalimani, lakini yeye haoni mkalimani. Anamuona yule mtoto aliyekuwa akimbeba begani kwenda kutazama ng'ombe. Atamwambiaje khabari za mkojo wake?" Akafuta macho. Na mimi nikageukia ukuta, kwa sababu nilikuwa nimemjibu yeye na nimekujibu wewe, na wewe hukuwepo.

Basi ndio hilo. Ile Ijumaa hukuwa umekosea kuuliza. Uliuliza sawasawa, nami sikukuona nesi. Nilikuona umesimama pale na mikia yako miwili ya nywele, unaniambia nikufungie kamba za viatu. Mbele yako ningesema tumbo linanipasuka? Na mbele ya wakwe, na kahawa haijapita hata mzunguko mmoja? Angekuja Salim, akawatoa watu nje, akakaa, ningemwambia. Si kwamba Salim ni nesi kukupita. Salim si mwanangu.

Na huko uendako wewe si binti yao. Hilo unaliona kama upweke, najua. Lakini kwa kazi yako ni mlango. Yapo mambo Don Ramiro wa huko hatamwambia Lusia wake, na wewe atakwambia, ukishamwita kwa heshima, ukakaa, ukamuuliza ng'ombe wake kwanza. Mtafutie mkalimani wa kazi hiyo, usimbebeshe mwanawe. Akikuchekea na kukuitikia kwa kichwa, mpe muda, kisha muulize tena kama vile hujauliza. Tazama mikono, Rayya. Mdomo una adabu, mikono haina.

Na wakija watu kumi na wawili kwenye kitanda kimoja, usihesabu vichwa, tafuta ni yupi wanayemtazama kabla ya kujibu. Don Ramiro alipoambiwa atafanyiwa mazoezi ya kutembea, alimtazama mkewe, mkewe akampigia simu mtoto mkubwa kwao Meksiko, akaamshwa usingizini, wakashauriana, ndipo akasema ndiyo. Manesi waliona wanapotezewa wakati. Mimi niliona familia inayofanya kazi. Kwetu huulizwa hata jirani.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi, kwamba utaichukua barua hii ukamwona kila mtu wa Kihispania ni Don Ramiro. Unajua sisi hapa wanavyotuita Zinjibari sote, aliyetoka Unguja, aliyetoka Pemba, hata yule jirani yetu aliyezaliwa Bujumbura na bahari kaiona ukubwani. Inavyotukera! Basi na wao hivyo hivyo. Atatokea mwenye kutaka barafu. Atatokea bibi atakayekwambia mbele ya ukoo mzima kila kinachomuuma, mpaka utamani anyamaze. Muulize mwenyewe alivyo.

Kahawa yangu imekwisha. Huko ndani mmenyamaza, nadhani bizari imeshinda.

Pale juu nilikwambia hapa hakuna khabari, kheri tupu. Hilo lilikuwa jibu la swali la kwanza. Sasa umeshakaa na mimi, umenisikiliza mpaka chini ya karatasi, na hakuna mkwe hapa. Basi niulize tena, kama ulivyoniuliza ile Ijumaa na faili lako mkononi.

Naumwa, mwanangu. Hapa kifuani, upande wa kushoto, tangu siku uliyokuja na tiketi. Maumivu yananizidi jioni, nikipita mlango wa chumba chako. Dawa siitaki. Moja mpaka kumi, andika kumi. Ule mlango wa Bidbid ulikuwa mbili, na halikuwa lori, ilikuwa pikapu, na sikuimba.

Umeuliza vizuri, na nimekujibu. Panda ndege.

Ami yako,
Said